Fungu la Lugha

Pu, pu, pu. Sakafu ya mbao ya ofisi ilitikisika, na Ngeli hakuhitaji kugeuka ili ajue ni nani. Masikio ya dada yake hayakusikia tangu utotoni, ila miguu yake ilikuwa na sauti ya kuutosha ukoo mzima.

Jina la Ngeli alibandikwa na wenzake kazini, kwa kuwa alishinda akipanga kurasa za maktaba ya mtandaoni, kila ukurasa katika fungu lake: mbolea kwenye Kilimo, nyota kwenye Anga. Dada alimsukumia simu usoni. Masomo yake ya lugha ya alama, video alizojirekodi sebuleni mpaka mikono ikauma, yalikuwa yamewekwa kwenye fungu la Magonjwa, baina ya usaha wa masikio na mafua.

"Mama mwenye mtoto kiziwi anatafuta lugha," dada alisema kwa mikono, vidole vikichapa hewa. "Hapa atakuta dawa ya matone. Nani kanitupa huku, mdogo wangu?"

Ngeli alimshika mkono, wakaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya mkuu wa kazi.

"Mkuu, haya ni masomo ya lugha."

"Yameandikwa 'kiziwi'," mkuu alijibu bila kuinua kichwa. "Kiziwi ni masikio, masikio ni magonjwa. Kompyuta imepanga, mimi nimepitisha."

"Basi sisi tunaosema kwa mdomo utupeleke kwenye fungu la Meno."

Mkuu alicheka kidogo, kisha akakunja uso. "Usinipande kichwani, kijana. Ukiuhamisha ukurasa huo, unahama nao."

Dada, aliyekuwa akisoma midomo yao, alimvuta Ngeli shati. Mshahara wa Ngeli ndio uliowalisha wote wawili. Lakini damu ilikwisha kumchemka. Ngeli aliinama kwenye kompyuta ya mkuu mwenyewe, akautoa ukurasa kwenye Magonjwa, akauweka kwenye Lugha.

"Nitaurudisha sasa hivi," mkuu alisema. "Na wewe kesho usije."

Ngeli alimgeukia dada yake. Alisema kwa mdomo ili mkuu asikie, na kwa mikono ili dada asipitwe na neno:

"Aurudishe. Mimi nitajenga maktaba yangu, hata kwa kompyuta ya kuazima. Fungu la kwanza litakuwa Lugha, na wewe, dada, ndiwe utakayelifungua."