Upande wa Juu wa Kitambaa

Mashine mpya ya kufulia ilipofika hotelini, msimamizi alitangaza kwamba ataikabidhi kwa atakayesoma kadi ya maelekezo, Kiingereza kitupu, Ijumaa asubuhi. Atakayeshindwa atarudi kubeba matenga ya mashuka. Mama Pasi, miaka kumi na mmoja kwenye mashine ya zamani na meza ya pasi, mgongo umeshachoka, aliona hilo la matenga ni kutaka kumzika mapema. Akaapa kwamba hayabebi.

Maneno marefu hayakumsumbua; kila moja lina sura yake. Yaliyomtoa jasho ni yale mafupi, yanayofanana kama mapacha waliovishwa sare: "on" na "no", "was" na "saw". Akaenda kwa wifi yake, fundi cherehani anayetarizi nembo za sare za shule.

"Wifi, nitarizie haya maneno kwenye kitambaa. Kwenye karatasi yananikimbia. Nataka niyapapase."

"Uzee huu ndiyo unaanza shule?" wifi akamcheka, huku mkono tayari unachagua uzi mwekundu.

Wifi akamtajia maneno kwa mpangilio, mstari kwa mstari, na siku tatu Mama Pasi alipitisha kidole juu ya nyuzi, herufi moja moja, akiyakariri. Alhamisi jioni wifi akamwandikia maneno yaleyale ubaoni. Penye "on" akasoma "no". Penye "no" akasoma "on". Machozi yakamlengalenga.

"Kwani ulikuwa unasomaje? Hebu nionyeshe."

Mama Pasi akakitandaza kitambaa mezani. Wifi akapiga kofi. "Ewe dobi wee! Umekilaza kifudifudi!"

Kweli. Nguo yenye tarizi hupigwa pasi kwa ndani, na mikono yake ilikuwa ikikigeuza yenyewe kwa mazoea, bila kumwomba ruhusa. Siku tatu nzima kajifunza kinyume! Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakigeuza, akaanza upya, na chakula hakukigusa mpaka alipomaliza.

Ijumaa alisoma kadi mbele ya wenzake, kidole kikipita chini ya kila neno. Penye "on" alisimama, akapapasa mara mbili, akalitamka sawasawa na kueleza maana yake. Akaendelea hivyo hadi mstari wa mwisho.

"Umepatia," msimamizi alisema, "lakini u mzito mno. Nusu saa nzima!"

"Mashine yenyewe inafua kwa saa nzima," Mama Pasi alijibu, "na sijakusikia ukiiita nzito."

Wenzake wakaangua kicheko. Msimamizi aliitazama kadi, akamtazama yeye, akatoa ufunguo wa mashine mfukoni. Mama Pasi akaupokea kwa mikono miwili na kwenda zake kuiwasha.