Wagonjwa Saba wa Daktari Hadlo

Siku hiyo mjinga alikuwa Mfaume, na mwenyewe hakatai. Aliingia uani kwa Bi Kazija, pale Somanga, jarida la madaktari wa Ulaya kaliinua juu kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.

"Shikamoo, Bi Kazija. Jina langu limepigwa chapa Uingereza!"

"Marahaba, mwanangu. Limekosa nini?"

Mfaume alicheka, ingawa sauti ya bibi ilikuwa imepungua. Miguu ilikuwa na vidonda, macho yameingia ukungu, na juzi alikuwa amemfukuza nduguye Yahya kwa mchi akidhani ni mwizi.

Mfaume alikuwa dresa wa zahanati, msafisha vidonda na mgawa dawa. Daktari Hadlo alikuwa mganga wa akili, keshaandika makala kumi na moja, nusu za wazimu, nusu za kisukari, na sasa alitaka kuyaozesha maradhi hayo mawili. Alizunguka Miteja, Kinjumbi na Somanga akachagua watu saba waliochanganyikiwa, ambao mkojo wao sisimizi waliujua kabla ya hospitali. Bi Kazija alikuwa wa saba. Nduguze walikuwa wamemchezea ngoma ya pepo na kumwekea sinia la asali na miwa. Kila pepo akishiba, bibi anazidi kuugua. Hadlo alipoleta dawa ya sindano, mwezi haukuisha bibi akawa anasuka ukili na kusuta majirani. Watu wakasema pepo kahama. Daktari akaenda kwao Uingereza kuandika makala ya kumi na mbili.

Dawa nayo ikaacha kuja. Mwezi wa tatu tangu aondoke, Hadlo akaleta barua: wagonjwa wangu wana hali gani?

Wakati huo wawili wa Miteja walikuwa wamezikwa, na mmoja wa Kinjumbi amefungwa kamba nguzoni. Lakini Mfaume alilelewa vyema. Mkubwa aliye mbali haandikiwi msiba; barua ni ya salamu, mabaya husemwa mtu akishafika, akanywa maji, akapumua. Basi akaandika kwa adabu zote: dawa haijafika miezi mitatu, ila sote huku hatujambo, wagonjwa saba hawajambo, wanakusalimu sana. Mengine angemwambia akirudi.

Hakurudi.

"Soma basi," Yahya alisema pale uani, alipokuwa amekaa kando ya dada yake.

Mfaume alisoma kwa kidole, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili. Alianza mwisho, penye shukrani: Mfaume bin Salumu, msaidizi mwaminifu. Alilisoma mara mbili. Kisha akapanda juu, kidole kikazidi kuwa kizito. Wagonjwa saba wa pwani ya kusini. Miezi mitatu bila sindano. Wote wamepona, mwili na akili. Kwa watu wa huko, chakula chao peke yake chatosha.

Akatoa mfukoni barua iliyokuja pamoja na jarida, ambayo hakuwa na haraka nayo kwa kuwa haikuwa na jina lake. Mkubwa wa dawa alisema amesoma makala; sindano za kisukari hazitaletwa tena wilayani.

"Wote saba wamepona?" Yahya aliuliza. "Na wale wa Miteja?"

"Niliandika hawajambo, kaka Yahya. Ningeandikaje?"

"Ungeandika wamekufa! Kaa chini sasa hivi, andika upya."

"Nikiandika leo, mimi ndiye mwongo. Nitafukuzwa, na zahanati itafungwa. Nani atawatilia watoto hata dawa ya macho? Na makala ikishachapwa, kaka, hairudi. Mpaka wabishane wao kwa wao, wapime, waandike nyingine, ni miaka."

"Dada yangu hana miaka!"

"Najua."

"Unajua, halafu unataka kubaki msaidizi mwaminifu?"

"Nataka kubaki na kazi. Huyu hata nikiandika hatapona, Wallahi. Dawa haitamwahi."

Alisema hivyo mbele yake, kama asemavyo mtu mbele ya aliyelala. Lakini Bi Kazija siku hiyo akili zake zilikuwa nyumbani. Alivuta kanga, akageuza uso kule sauti ya dresa ilikotoka.

"Usiandike, mwanangu, kaa na kazi yako. Ila nikifa usije mazikoni. Aliyepona hazikwi."