Wekundu Kwenye Mti wa Hyder

Cyriaque aliliona jani lile alipoinama kumwagilia mti maji, akaiweka ndoo chini. Lilikuwa jani moja tu, kwenye tawi la upande wa maegesho ya magari, lakini kingo zake zilikuwa nyekundu kama kidonda, na wekundu ulikuwa umeanza kuingia ndani kufuata mishipa. Aliligusa. Halikuwa kavu wala halikuliwa na mdudu. Akaligeuza, akalinusa, akafanya yote ambayo mkulima wa kwao Masisi hufanya huku akimwomba Mungu awe amekosea.

Mti haukuwa wake. Ulikuwa wa Masoomah wa ghorofa ya chini, mjane wa Kihindi mzaliwa wa Arusha, aliyeupanda kando ya ua wa jengo lao la Kingsview Village, Kanada, mwaka aliofiwa na Hyder, mwanawe wa pekee, kwa ajali ya gari. Ni ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Kaburi lilikuwa mbali, nje ya mji, na Masoomah hakuwa na usafiri. Kwa hiyo alimsomea mwanawe Fatiha hapo mtini. Cyriaque aliletwa na binti yake Carmel kutoka Goma mwezi wa tano mwaka huo, na katika jengo zima yeye peke yake ndiye aliyemwita Mama Hyder. Kwao, mama hanyang'anywi jina la mtoto eti kwa kuwa mtoto amekufa. Siku ya kwanza alipomwita hivyo, Masoomah alilia, kisha akaenda ndani akamletea sambusa.

Basi alipoondoka kwenda ziara takatifu Karbala, na kutoka huko apitie kwa dada yake Dar es Salaam, alimwachia Cyriaque mti.

"Baba Carmel, ukikosa maji huu, nitakudai mpaka akhera."

"Mama Hyder, mimi nimelea migomba wewe hujajua kuvaa viatu. Uende muzuri."

"Migomba! Hapa utaiona ndizi dukani tu, imebandikwa karatasi."

Walicheka. Na sasa jani jekundu.

Kwao Masisi, karibu na Goma, ugonjwa wa migomba ulianza hivyohivyo, kwa jani moja kubadilika rangi. Kwenye mikutano ya wakulima waliambiwa: ukiona dalili, kata siku hiyohiyo, na kisu ukichovye kwenye maji ya javeli, yale ya kung'arishia nguo, kisije kikabeba ugonjwa. Cyriaque hakukata. Mgomba wenyewe ulikuwa na mkungu mzuri, akasema ngoja ukomae. Ulipokomaa, ndizi zilikuwa zimeoza ndani, na shamba lote likawa linatoa usaha wa manjano. Walikula mihogo ya kuomba kwa majirani. Mkewe alikufa akiutaja mkungu ule.

Safari hii hakungoja. Alipanda juu, akateremka na kisu cha jikoni na chupa ya javeli, akalikata tawi.

Siku chache baadaye, tawi jingine. Akalikata nalo. Alijaribu kumwambia Carmel, ambaye alikuwa akifanya kazi za usiku kwenye kiwanda cha mikate na mchana ndio ulikuwa usiku wake.

"Carmel, mti wa Mama Hyder unaugua."

"Papa, nimetoka kazini sasa hivi. Mwagilia maji," alijibu kutoka ndani ya blanketi.

Theluji, kila mtu alikuwa amemsimulia. Walishamnunulia viatu vyake na koti zito kama godoro. Kuhusu majani hakuna aliyefungua mdomo, maana nani anamweleza mtu mzima kwamba jioni jua litazama?

Halafu akauona mti mkubwa ng'ambo ya barabara: ubavu wake mmoja ulikuwa umegeuka manjano. Ugonjwa ulikuwa umevuka. Kwa Cyriaque ilibaki dawa moja. Mgomba ukishambuliwa hivyo huukata chini kabisa, ili mzizi usafike na machipukizi yatoke mazima. Alinunua msumeno mdogo, akauosha kwa javeli, akapiga magoti. Shina halikuwa nene. Lilipolala chini aliliomba radhi, akalikatakata, akalitia kwenye mifuko myeusi pamoja na kila jani, akaifunga kwa nguvu na kuipeleka kwenye pipa la taka. Kila asubuhi alikwenda kukiangalia kisiki. Hakikuchipua kitu.

Jumapili moja alipanda basi na Carmel kwenda kanisani. Basi lilipokuwa likivuka daraja, bonde la mto likafunguka chini yao: jekundu, manjano, kahawia, mpaka macho yanapoishia. Cyriaque aliushika mkono wa binti yake.

"Bonde lote limekufa."

Carmel aliangua kicheko hadi watu wakageuka. "Papa! Hii ni automne tu. Kila mwaka miti inafanya hivi. Majani yanaanguka, halafu mwezi wa tano yanarudi."

"Yanarudi?"

"Yote. Wewe ile bendera ulifikiri jani wamelipaka lipstiki?" Kisha akamtazama usoni, kicheko kikamkauka. "Papa. Mti wa yule mama uko wapi?"

Kanisani hawakufika. Walishuka kituo kilichofuata, wakakaa kwenye benchi.

"Utasema ni wale wanaokata nyasi na mashine," alisema Carmel. "Wanakata kila kitu wale, atakuamini."

"Aliniachia mimi, si wao."

Masoomah alirudi katikati ya Oktoba. Teksi ilipomshusha hakuelekea mlangoni. Aliburuta sanduku lake moja kwa moja mpaka uani, mkononi ana kifuko cha kitambaa cha kijani. Cyriaque alikuwa amesimama pale kando ya kisiki, kofia mkononi.

"Niliona jani jekundu," alisema. "Nikadhani unaugua. Kwetu jani likigeuka, tunakata. Nimekata mimi, Mama Hyder, kwa mkono wangu."

Masoomah aliinama, akakigusa kisiki.

"Hyder alifariki mwezi huu," alisema. "Nilichagua mti huu kwa sababu wiki aliyofariki huwa unawaka wote, kama taa. Nimemwacha dada yangu mgonjwa niuwahi." Alikifungua kifuko. Ndani mlikuwa na udongo. "Nimetoka nao Karbala. Nilitaka kuumwagia shinani." Akakifunga tena. "Matawi umeyaweka wapi?"

"Nilitupa. Yasiambukize mingine."

"Hata moja hukubakiza?"

"Hata jani."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeelekezwa njia. Cyriaque aliinama kumshikia sanduku. Masoomah akalihamishia mkono wa pili.

"Kesho asubuhi nitatoka kumsomea," alisema bila kumtazama. "Nikitoka, wewe uwe ndani."

"Nitakuwa ndani," alisema Cyriaque.