Alama Kumi kwa Mganga wa Malolo

Mwaka 2009 kila kijana wa Nachingwea aliyewahi kulala Dar alikuwa kwenye Fesibuku, na kazi yao kubwa huko ilikuwa kupima biashara za watu. Walikuwa na kundi, Huduma Bora Kusini. Mtu anakula wali wa mama wa watu bure, anaandika "tisa kwa kumi". Akinyimwa nyama ya nyongeza, "mbili, usafi hakuna". Mwenyewe kola ya shati ni nyeusi kama tako la sufuria. Fundi mwenzangu alipewa tatu na mtu ambaye hajampelekea hata kifungo.

Mimi nilikuwa nashona kwenye baraza ya steshenari, ambako shoga yangu Fatma alikuwa akikodisha watu kompyuta. Nikawa nawatazama wakiingia na kutoka, mguu uko kwenye cherehani.

Waganga nao hawakubaki nyuma. Dokta Obadia wa Malolo aliwekwa humo na mpwa wake, na tangazo juu: atakayetoa alama nzuri kwa jina lake kamili, dawa ya pili halipii.

Wakati huo Kassian, mnunuzi wa korosho kutoka Ruangwa, mwimba besi kanisani, alikuwa ameleta posa kwetu. Kwetu mwenye neno ni mjomba, na Mjomba Bernardo alishalegea.

"Albina, mwanangu, kijana ana pikipiki."

Utadhani naolewa na pikipiki. Nikamwomba aniache nimtazame mtu kwanza, jibu atalipata Jumapili. Na kusema kweli, moyo ulikuwa unaelekea kukubali. Alikuwa mpole.

Jumamosi Fatma akanipigia mluzi dirishani.

"Shoga, acha hiyo nguo. Njoo usome mwenyewe, nikikusomea mimi utasema nina wivu."

Picha ya Kassian hiyo, na joho la kwaya mwilini. Jina kamili. Chini ameandika: "Dokta Obadia hana mpinzani. Kuna binti fundi cherehani Nachingwea alikuwa anaringa. Dawa nimemtilia kwenye soda, sasa hafurukuti. Kesho najibiwa ndiyo. Kumi kwa kumi!"

Watu wanampongeza. Mmoja kauliza fundi yupi, mwingine kamjibu: yule wa baraza ya steshenari.

Fatma akaniangalia. "Uliinywa?"

"Siku aliyoniletea soda nyumbani tumbo lilikuwa linaniuma. Aliinywa mjomba."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilichapa ukurasa ule, nikaukunja, nikarudi kumalizia pindo la watu.

Jumapili Kassian akaja na mshenga wake, Mzee Teofili. Wakaketi, wakasifia mvua, wakasifia mihogo yetu. Mjomba akasema, "Haya Albina, mgeni anasubiri neno."

Nikampa Kassian karatasi. "Una sauti nzuri. Tusomee."

Akaitazama, jasho likamtoka. "Ah, Albina, hayo ni mambo ya vijana tu mtandaoni. Niliandika ili dawa ya pili nisilipie."

"Ya pili ya nini?"

"Ya... ya kukutuliza ndani ya ndoa."

Mzee Teofili akachukua kofia yake. Mjomba akanyang'anya karatasi, akasoma kwa kidole, polepole, midomo ikicheza. Alipofika kwenye soda kidole kikasimama.

"Soda ile ya chungwa?"

"Hiyo hiyo, mjomba."

Alitoka nje, tukamsikia akitema mate nyuma ya jiko. Aliporudi hakunitazama. "Wewe mwimbaji, chukua posa yako. Na mimi usinisalimie tena njiani."

"Mjomba, mimi nilikuwa na nia njema..."

"Nenda kaolewe na Obadia!"

Jumatatu nikamwambia Fatma aniandikishe kwenye kundi lao. Nikaandika kwa jina langu kamili: "Fundi mwenyewe ndiye mimi. Posa nimeikataa. Soda aliinywa mjomba, akalegea yeye. Sifuri."

Mpwa wa mganga hakukawia kufika barazani, mikono nyuma. "Dada, umetuharibia kazi. Futa, dokta atakupa dawa ya mume mwema, bure kabisa."

"Mimi nimeishia la saba, kaka. Tulifundishwa kuandika. Mwambie dokta afute kwa dawa."

Dokta hakufuta. Jioni ile nilikwenda kuitazama sifuri yangu. Chini yake mtu wa Mtua, mwalimu kabisa, alikuwa ameandika: "Naomba namba ya dokta. Hiyo ya kulainisha wajomba anauzaje?"