Kiwanda Kilichoota Miguu

Foleni ya zamu ya asubuhi ilikuwa haisogei. Mama Kola, mshona kola za mashati, aproni ya buluu begani na chakula cha mchana kwapani, alidhani mlinzi amechelewa kuja na funguo kama ilivyo kawaida yake. Alipojipenyeza hadi mbele akamkuta mlinzi yupo na funguo anazo. Mlango ndio uliokuwa juu. Usiku ule kiwanda kilikuwa kimeota miguu minne minene, yenye rangi ile ile ya ukuta, na kilikuwa kimesimama juu yake kama ng'ombe anayesubiri kukamuliwa.

"Kimeota saa ngapi?" akauliza.

"Nimeamka nikakikuta hivi," mlinzi akajibu. "Meneja anasema mpande kwa ngazi ya fundi rangi, mmoja mmoja. Na atakayechelewa, amechelewa."

Wakapanda. Wa mwisho alipoingia ngazi ikavutwa ndani, isije ikaibwa.

Sababu haikuhitaji mganga. Jana yake wafanyakazi walikuwa wamemchagua Mama Kola kuwa mwenyekiti wa chama chao. Chama chenyewe kilikuwa kichanga, hakina bendera wala muhuri, na dai lake lilikuwa moja tu: mlango wa nyuma ufunguliwe. Mlango huo ulikuwa katika chumba cha pasi, ambako binti yake Mama Kola alinyoosha mashati ya kupelekwa nchi za mbali, na ulitiwa kufuli tangu meneja alipoingiwa na wasiwasi kwamba kuna mtu anaiba vifungo. Siku moja waya wa pasi uliungua, chumba kikajaa moshi, na wasichana wakaugonga mlango ule mpaka viganja vikavimba, kisha wakatambaa chini ya meza hadi upande wa mbele. Hakufa mtu. Meneja aliwapongeza kwa kutochafua shati hata moja.

Binti alirudi nyumbani na kikohozi ambacho hakikumtoka tena. Kila alipokohoa, Mama Kola alihisi ni ubavu wake yeye unaochomwa. Ndiyo maana alikubali uenyekiti, yeye ambaye hakuwahi kunyoosha mkono hata kwenye kikao cha wazazi shuleni.

Meneja akawakusanya mbele ya skrini kubwa ukutani. Mwenye kiwanda aliishi ng'ambo, hakuna aliyewahi kumwona chini ya kifua, na kwa hiyo walimwita Bwana Skrini.

"Ndugu zangu, ninyi kwangu ni familia," alisema kwa masikitiko. "Lakini kiwanda nacho kina moyo. Kikisikia madai kinapata hamu ya kusafiri. Huko nchi jirani kuna watu wanashona kimya kimya, hawalalamiki, na kiwanda kinalijua hilo. Mimi nitakizuiaje?"

"Tunaomba tu kufuli litolewe," akasema Mama Kola.

Kiwanda kikapiga hatua moja. Sindano zikakatika, chai ikamwagika, na walipochungulia dirishani wakaona kibanda cha muuza vitafunio kimebaki nyuma.

"Mmeona wenyewe," akasema Bwana Skrini, karibu kulia.

Afisa wa kazi alikuja. Akaipima miguu kwa futi kamba, akaigonga kwa kalamu, akatamka kwamba sheria inazungumzia saa za kazi na likizo, ila kuhusu miguu haina neno. Askari wa jiji wakaja wakabandika faini ya kuegesha vibaya, kisha wakairudia wakaibandua kwa mikono yao, wakiomba radhi. Gazeti likaandika kwamba hatimaye nchi imepata kiwanda cha kisasa.

Wafanyakazi wakaanza kumtazama mwenyekiti wao kwa jicho la pembeni. Mshona vifungo, mtu wake wa kufa na kuzikana, alimsogelea wakati wa kula.

"Dada, achana na hayo. Kikiondoka hiki, wanangu nitawapa nini?"

"Humsikii anavyokohoa?"

"Namsikia. Nani hamsikii?"

"Basi."

Mshona vifungo akala chakula chake bila kuinua uso. Kesho yake akajitoa kwenye chama, na wengi wakamfuata shingo upande, wakieleza kwamba wataendelea kukiunga mkono moyoni, mahali ambapo kiwanda hakiwezi kusikia.

Mashati yale hayakushonwa mahali pamoja. Mikono yake ilishonwa nchi jirani, ng'ambo ya mto, katika kiwanda kingine cha Bwana Skrini, ikaletwa kwa lori ikiwa imefungwa mafungu kwa vitambaa chakavu. Wanawake wa kule na wa huku hawakuwahi kuonana, lakini walikuwa na desturi yao. Fundo moja kwenye kitambaa lilikuwa salamu, mawili msiba, matatu mtoto amezaliwa. Vitambaa vilirudi na magunia matupu vikiwa na majibu. Meneja alidhani ni ufungaji mbovu tu wa watu wa kule.

Mama Kola hakujua fundo la kusema mlango, kwa kuwa halikuwahi kuhitajika. Akachukua ufunguo mbovu wa nyumbani kwake, akaufunga ndani ya kitambaa kwa mafundo mawili, akautumbukiza kwenye gunia. Lori lililofuata likauleta tena. Kando yake kulikuwa na ufunguo mwingine, umeshika kutu, nao umefungwa kwa mafundo mawili. Akauonyesha kwa mshona vifungo. Mshona vifungo akaugeuza geuza mkononi, akaguna, akasema, "Kumbe hao ndio wanaoshona kimya kimya." Jioni hiyo alirudi chamani, na waliomfuata kutoka wakamfuata kurudi.

Asubuhi Mama Kola akapanda juu ya kiti chake, na safari hii chumba kizima kikasimama naye.

"Kufuli litolewe!"

Kiwanda kikafunga virago. Kilitoka mjini kwa mwendo wa madaha, kikavuka mashamba, na ndani meneja alipita kati ya mashine akiwahimiza washone, maana kuhama si sababu ya kukaa bure. Kilipofika mtoni kikaingia majini mpaka magotini. Hapo kikasimama.

Kutoka ng'ambo ya pili kile kiwanda cha mikono ya mashati kilikuwa kinakuja, nacho kwa miguu minne, nacho kikikimbilia nchi ambako watu hawalalamiki. Kilikuwa kimejaa wanawake wenye aproni za kijani, na kwenye kila dirisha kulikuwa na mkono ulioinua ufunguo. Viwanda viwili vikakutana katikati ya mto uso kwa uso. Kile hakikuweza kuja, hiki hakikuweza kwenda, na kurudi nyuma hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Bwana Skrini akatoweka kwenye skrini zote mbili kwa muda. Aliporudi alikuwa amebadilisha tai.

"Baada ya kutafakari kwa hiari yetu," alisema, "tumeamua kufungua mlango."

Kulikuwa na sherehe. Meneja akakata utepe, akatoa kufuli, akausukuma mlango wa nyuma hadi mwisho wa bawaba. Nje kulikuwa na hewa tupu, na chini kabisa maji ya kahawia yakipita. Wakaguzi wakaletwa kutoka nchi zinazovaa yale mashati. Wakaufungua mlango, wakaufunga, wakaufungua tena, wakaupiga picha wakiwa ndani, wakaondoka wameridhika.

Siku hizi wafanyakazi huja kwa boti. Chama kimekua, kina watu wa nchi mbili na vikao vyake hufanyika dirisha kwa dirisha. Dai la sasa ni ngazi ya mlango wa nyuma. Likitajwa, viwanda vyote viwili huinua mguu mmoja mmoja, huangalia huku na huku, kisha huurudisha majini. Bwana Skrini amesema ngazi hazikuwemo kwenye dai la awali.

Meza ya binti bado iko pale pale, na sasa mgongo wake unaelekea mlango ulio wazi. Siku ya kwanza upepo ulimpiga akakohoa, akayumba. Mama Kola aliacha kola yake kwenye mashine, akaja na kitambaa kirefu, akamfunga kiuno kwenye mguu wa meza.

"Mama, unanibana."

"Tulia."

Alikaza fundo mara mbili. Meneja, aliyekuwa anapita, alisimama akatazama, akapendezwa sana. Kesho yake ikawa amri kwa chumba chote cha pasi, kila msichana na meza yake, na kazi ya kuyafungua mafundo zamu inapoisha akapewa mlinzi, yule anayechelewa.