Tembe za Njano

Jumanne tarehe kumi na nane Machi, gari la maafisa wa afya lilisimama katika soko la Gakoromone na kipaza sauti juu. Dawa ya maumivu ya viungo anayouza Muthomi, ile ya tembe za njano, ni sumu. Msimeze tena hata moja! Wakapakia maboksi yote, na Muthomi mwenyewe akiwa na pingu.

Cicily alirudi nyumbani akamwaga zake chooni. Miaka mitatu alikuwa akimeza na chai ya asubuhi, yeye kwa magoti, mumewe Kobia kwa mgongo. Uso ulikuwa umemjaa, wanawake wa kanisa wakimtania kwamba Kobia anamlisha nyama kwa siri.

"Serikali imesema tuache," alisema.

"Serikali haijawahi kubeba gunia na mgongo wangu." Kobia alificha zake kwenye mkebe wa mbegu.

Alhamisi Cicily alishindwa kuinua sufuria. Jumamosi alitapika hata maji. Jumapili alikufa kwenye benchi la hospitali, kabla ya jina lake kuitwa.

"Zilikuwa na steroidi," daktari alimwambia Kobia, akiwa amesimama. "Mwili ukizizoea, unasahau kujitengenezea zake. Haziachwi ghafla. Zinapunguzwa polepole."

"Na mimi ambaye bado nameza?"

Daktari alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Usithubutu kuacha. Kliniki ya kuwapunguzia ni mwezi ujao. Lakini lazima tujue kila tembe ina steroidi kiasi gani. Waulize maafisa wa afya waliozipima."

Waliozipima walikuwa na ofisi yenye pazia. Afisa aliitwa Adrian, umri wa kitindamimba wa Kobia.

"Mzee, matokeo ni ushahidi. Kesi itatajwa Julai."

"Nataka kujua kiasi tu, mkubwa. Mke wangu aliwatii, nikamzika."

"Pole. Lakini mbona wauliza sana? Bado unazo?"

Mkono wa Kobia uliganda mfukoni, juu ya ile tembe moja aliyokuja kuwaonyesha.

"Kuwa nazo ni kosa, unajua? Nikikupekua saa hii?"

"Sina kitu."

"Basi nenda nyumbani. Na usimeze tena hata moja."

Nyumbani alizihesabu juu ya meza. Nne. Alichukua wembe akajaribu kugawa moja katikati, lakini tembe ikapondeka. Aliulamba unga wa njano kwenye wembe, polepole, asijikate ulimi.

Hapo amemeza kiasi gani?