Turubai la Kibwana

Pale Sofu, ukisema unamtafuta Maulida mpishi, hata mtoto aliyetumwa chumvi atakufikisha mlangoni. Masufuria yake yamepikia harusi, hitima na vipaimara, na hajatokea mtu wa kulalamika kwamba ametafuna kokoto kwenye ubwabwa wake. Lakini watu walimsifu zaidi kwa mkono wake kuliko kwa mapishi. Maulida hakujua kunyima. Mchango wa harusi ya mtu asiyemjua, atatoa. Sare ya mtoto wa binamu, atatoa. Kaka yake Kibwana, mwenye kiduka kule kwao Msimbu, alikuwa akipiga simu anaanza na "mdogo wangu kipenzi," na kabla hajafika kwenye shida yenyewe hela imeshatumwa.

Na muda wote huo Maulida alikuwa anatafunia upande mmoja wa kinywa. Jino la nyuma lilikuwa limeoza. Kuling'oa hakukuwa na gharama ya kutisha, ila kila hela iliyomwingia ilitoka kabla jino halijakumbukwa.

Asubuhi moja, amelipwa kazi ya harusi kubwa, alikaa kibarazani shavu limevimba, akipekua majina kwenye simu. Rahabu, binti wa Kisukuma ambaye kwao ni wafugaji kule Janga na aliyekuwa akimletea maziwa, akatua dumu lake.

"Unamtafuta nani, dada?"

"Wa kumtumia hela."

"Nani kakuomba?"

Maulida akaiweka simu pajani. "Bado hajaniomba mtu."

Rahabu akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akakaa. "Baba yangu, mzee Limbu, akiuza ng'ombe hela inakaa ndani wiki nzima. Anaitazama kama anavyomtazama ndama. Wewe ikilala siku moja tu unaumwa. Kwani ikiwa ndani unasikiaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Maulida swali hilo. Watu walimuuliza anazo, hawakumuuliza anasikiaje. Alipofungua mdomo kujibu, kilichomjia ni harufu ya korosho. Alikuwa mdogo, msimu umeisha, baba yao ameuza, na hela imefungwa kwenye kitambaa juu ya kabati. Kila msimu ilikuwa hivyo: hela ikiingia, sauti zinapanda. Mwaka mmoja baba alimtoa mama yao nje na mvua inanyesha, Maulida akiwa ameshika kanga ya mama, Kibwana akiwa amelala fofofo. Hela ilipoisha nyumba ilitulia. Walikula mihogo kwa chumvi, na baba akawa anatania watu.

"Nasikia kama kuna mtu anakuja kugombana," akasema.

"Sasa hapa kwako atagombana na nani?"

Rahabu alikwenda na maziwa yake, lakini swali aliliacha pale. Maulida akaingia ndani, akaitoa hela, akaiweka kitandani na kukaa mbele yake. Moyo ulimwenda mbio kama wa mwizi. Mara mbili alinyoosha mkono kuchukua simu, mara mbili akaukalia. Mchana ukapita. Jirani alitwanga, akaacha. Hakuna aliyekuja kugombana. Jua lilipoanza kulegea alijikuta ana njaa, akala kiporo cha wali na maharage, hela ipo palepale, haijasema neno.

Kesho yake alikwenda kung'oa jino. Akanunua na godoro, maana alilokuwa analalia lilishakuwa kama chapati.

Haukupita muda, akaitwa Msimbu kwenye kikao cha ukoo. Kudra, binti wa Kibwana, alikuwa anaolewa. Maulida alikuta mikeka imetandikwa uani, wajomba upande huu, mashangazi upande ule, na mama yao, Bi Biubwa, akiwa kwenye kiti chake cha kamba. Akapiga magoti, akamwamkia mama na wakubwa wote, akakaa.

Kibwana alikuwa ameshika kikao kama diwani. "Turubai kubwa lile la vitambaa, linatoka mjini. Muziki unatoka mjini. Ng'ombe wawili. Hayo yote ni ya Maulida, tumeshayamaliza. Sasa twende kwenye sare za kina mama."

Vigelegele vikapigwa. Shangazi mmoja akamfuta Maulida jasho kwa upande wa kanga, kama mtu anayempangusa bibi harusi.

"Kaka," Maulida akasema, "mimi sikuulizwa."

"Unaulizwaje, na wewe ni wa ndani?"

"Basi nawaambia kwa kuwa mimi ni wa ndani. Turubai sitalipa. Muziki sitalipa. Ng'ombe sitanunua. Kudra ni mwanangu, nitampikia harusi yake kwa mikono yangu, mchele na viungo juu yangu. Hilo nalitoa kwa moyo. Mengine sina moyo nayo."

Kibwana akatabasamu, tabasamu la mtu anayengoja mwenzake aseme alikuwa anatania. Alipoona hasemi hivyo, uso ukambadilika.

"Mjini kumekufanya mkono wa birika."

"Sawa, niite hivyo."

"Unataka watu waseme nini juu yetu?"

"Watakachosema ni chao. Mimi nitakuwa jikoni."

Mjomba mmoja akakohoa. Bi Biubwa akainua mkono wake mwembamba. "Mwanangu, usilete ugomvi nyumbani kwa ajili ya hela."

Maneno yale Maulida alikuwa ameyatii tangu utoto wake. Angeweza kusema "inshallah, mama," na jioni ile ile ukoo mzima ungempenda tena. Akajishika magoti.

"Mama, ugomvi wa nyumba hii haukuletwa na hela. Uliletwa na baba."

"Usimseme marehemu," Kibwana akanguruma.

"Simsemi vibaya, Mungu amrehemu. Nasema yaliyotokea. Wewe ulikuwa umelala, kaka. Mimi nilikuwa nje kwenye mvua na mama. Nimekuwa nikitoa hela miaka yote nikidhani nanunua amani, na amani yenyewe mkiishiwa mnakuja kunidai tena. Basi. Nitatoa nikitaka, na nisipotaka nitasema hapana, na bado nitakuja hapa, nitakaa kwenye mkeka huu. Hapa ni kwetu."

Mama yao akainuka, akaingia ndani. Mashangazi walimtazama Maulida kama mtu aliyemwaga mchuzi kwenye zulia. Yeye hakuondoka. Chakula kilipoletwa akanawa, akala na wenzake, akitafuna pande zote mbili. Alilala pale pale Msimbu. Asubuhi akamwamkia kila mkubwa mmoja mmoja, akiwemo yule shangazi aliyegeuza uso, ndipo akaondoka.

Harusi ilifanyika. Kibwana alipata turubai dogo la kuazima, waliobaki wakakaa chini ya mikorosho, na muziki ulitoka kwenye spika ya kijana wa jirani. Maulida alipika tangu alfajiri. Waliokuja wamejiandaa kumsema walirudi na sahani kuongezewa. Kudra, mikono imejaa hina, alipita jikoni akamkumbatia kwa nyuma, akasema, "Shangazi, mimi turubai sikuliomba." Kibwana hakumsalimia dada yake siku ile, wala wiki zilizofuata. Iliuma. Maulida aliacha iume; hakutuma hela ya kuituliza.

Kisha siku moja simu ikaita. Hapakuwa na "mdogo wangu kipenzi."

"Umemharibu mama," Kibwana akasema. "Ameuza mikeka yake aliyosuka, hela kanikatalia. Anasema ana mpango nayo. Mpango gani, mtu mzima yule?"

"Mpe simu niongee naye."

Akasikia minong'ono, kisha sauti ya mama yao, taratibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Maulida, hiyo hela ya mikeka nimeiweka mwenyewe. Sasa moyo unanidunda, silali. Na wewe ulikuwa hivi?"

"Nilikuwa hivyo, mama."

"Hupoa?"

"Hupoa. Usimpe mtu. Kaa nayo tu."

Bi Biubwa akavuta pumzi. Pembeni Kibwana alisikika akilalamika, na mama akamgeukia bila kufunika simu.

"Kibwana, naongea na mwenzio. Nenda dukani kwako."